Patasi ilinikata kidole, sasa nikipapasa mbao ni kama nimevaa glavu. Hii ngozi inasikiaje kwani?

FundiLangoni

Assalam alaykum wana jamvi, poleni na joto la kaskazi. Mimi ni fundi wa kuchonga, kazi zangu ni milango, masanduku na fremu za vioo, kibanda chetu kiko Langoni hapa Lamu. Miezi minne nyuma nilikuwa nachonga mfaa wa mlango wa mbambakofi, na mbambakofi mnaujua ulivyo mgumu, patasi ikateleza kwenye fundo ikaingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ubavuni, ule upande unaotazama kidole gumba, hapo hapo kwenye kiungo cha kati. Nikakimbizwa nikashonwa nyuzi nne nikapewa vidonge nikarudi nyumbani. Kidonda alhamdulillah kimepona, ukiangalia ni kovu dogo tu.

Lakini kutoka kwenye kovu kwenda nchani, ule upande mmoja umekufa. Hauumi, ni kama si kidole changu, kama kuna mtu kakivisha mpira. Wiki iliyopita tumekaa barazani nikakikumbatia kikombe cha kahawa vile tunavyoshika sote, mwenzangu ndo akaniambia we fundi mbona kidole chekundu hivyo, kuangalia kumbe nimeungua, lengelenge hilo linakuja na mimi sina habari!

Sasa shida kubwa ni kazi. Watu wanadhani mchongaji anatumia macho. Macho ni ya kuchora nakshi na kufuata mstari, ila mbao ikifika kwenye msasa wa mwisho mimi nafumba macho kabisa, naipitisha shahada taratibu juu ya ua na pembeni ya ua, na mkwaruzo ambao jicho halioni hata uielekeze mbao kwenye jua, kidole kinauona. Nimefanya hivi tangu niko mdogo chini ya marehemu mwalimu wangu. Sa hizi natumia kidole cha kati nacho hakijui kazi, juzi fremu imerudishwa, mteja anasema pembeni inakwaruza na mimi niliona iko laini kama hariri.

Kwa hivyo naomba wenye elimu wanieleze, ngozi inasikiaje hasa mpaka ishinde macho? Na kwa nini nikikiweka kidole tuli juu ya mbao sijui kitu, mpaka nikiburute? Alafu la mwisho, nikijigonga karibu na kovu napata shoti kama ya stima inakimbia mpaka kwenye ukucha. Iyo ni dalili nzuri au ndo kidole kinaaga?

KijanaMokowe

Pole fundi ila hilo la kahawa limenichekesha wallahi 😂 Nunua mashine ya msasa ya stima mambo yaishe, mambo ya kupapasa mbao macho yamefumbwa ni ya zamani.

BabuWaBaraza

We kijana wata upuzi. Mashine inalainisha lakini haijui kama imelainika. Marehemu baba yangu alikuwa akishona kofia za vito, vile vishimo vidogo vidogo ambavyo sindano inazungushwa uzi mpaka kishimo kinasimama. Mato yake yalipoingia mtoto wa jicho hakuacha, alikuwa akikaa barazani akihesabu vishimo kwa ncha ya kidole, na kikiwa kimoya kimelegea anakijua, anakurudishia. Mimi nilikuwa na mato mazima na sikukiona hicho anachokisema. Fundi mwanangu, pole, swali lako ni zuri, nami nangoja jawabu.

KijanaMokowe

Shikamoo babu, natania tu.

MaalimWaSayansi

Fundi pole sana. Nafundisha sayansi sekondari na hili somo nalipenda, kwa hivyo nikirefusha nivumilieni.

Kwanza tuondoe ile picha kwamba kuna mshipa mmoja wa fahamu wa kusikia mguso na basi. Ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso kama 17,000, na vimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole, ndo maana hupapasi mbao kwa kisugudi. Na viko vya aina nne, kila aina ina tabia yake, vimeitwa kwa majina ya Wazungu walioviona kwa hadubini.

Vya Merkel viko juu juu, chini kidogo ya ngozi ya nje. Hivi ni vya subira. Ukikibonyeza kidole kwenye pembe ya ubao vinaanza kusema na vinaendelea kusema mpaka utoe kidole. Hivyo ndo vinakuambia hapa pana ukingo, hapa pana kona, hapa pana tundu, na kipofu anayesoma maandishi ya nukta anavitegemea sana hivyo. Babu, vishimo vya kofia ya marehemu mzee ni kazi ya hivi.

Vya Meissner navyo viko juu, vimejipenyeza kwenye ile mistari ya alama za vidole. Hivi havina subira, vinasema kitu kikibadilika tu, kitu kikianza kuteleza. Ukishika glasi yenye jasho ikaanza kuponyoka, mkono unakaza kabla wewe hujafikiri, hapo ni vyenyewe vimepiga kelele.

Vya Ruffini vinasikia ngozi ikivutwa. Sina mengi ya kusema juu yake.

Alafu kuna vya Pacini, hivi ndo mimi vinanishangaza. Viko chini zaidi, kimoja kina urefu wa milimita moja hivi, yaani kikitolewa unakiona kwa macho bila hadubini. Filippo Pacini alikuwa bado mwanafunzi Italia mwaka 1831 alipoviona kwenye mkono wa maiti wakati wa kupasua. Ukikikata katikati kiko tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na ndani kabisa ya kitunguu ndo kuna ncha ya neva, yaani ya mshipa wa fahamu. Kazi yake ni mtetemeko. Kinaamka zaidi kwa mtetemeko wa mara 200 mpaka 300 kwa sekunde, hata uwe mdogo sana. Zile tabaka zinachuja, ukikibonyeza polepole na kukaa hivyo zinajipanga upya na kitunguu kinanyamaza.

Sasa nadhani umeshalijibu swali lako mwenyewe. Ukiweka kidole tuli, vya Meissner na vya Pacini vinasema mara moja na kunyamaza, vimebaki vya Merkel peke yao, na mkwaruzo mwembamba ni mdogo mno kwa Merkel. Ukikiburuta, mkwaruzo unageuka kuwa mtetemeko. Mistari ya kidole iko mbali mbali kama nusu milimita, chukua kidole kinachokwenda sentimita 10 kwa sekunde, kitu kidogo kilichosimama kwenye mbao kinapigwa na mistari kama mara 200 kwa sekunde, na hapo ndo kitunguu cha Pacini kinapopataka. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walitoa majaribio ya watu kutelezesha kidole juu ya vipande vya plastiki vyenye mikunjo, na kidole kilitofautisha kipande kilicho laini kabisa na chenye mikunjo ya kina cha nanomita 13. Nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita hamsini elfu na zaidi! Jicho lako litapata wapi.

Na hii ndo sababu unaisahau kofia kichwani. Umeivaa asubuhi umeisikia, baada ya dakika mbili vile vyenye haraka vimenyamaza na ubongo nao hauna haja tena.

MshipiNaNdoana

Maalim Mungu akuzidishie, hapo kwenye mtetemeko umenigusa. Mimi ni mvuvi wa mshipi Kipungani. Chambo kiko pima 15 chini, mshipi umepita juu ya kidole kimoja tu, na mimi najua huyu ni changu anadonoa donoa, huyu ni chewa kameza kwa mkupuo, huyu si samaki ni jiwe linavuta kwa mkondo. Na nasikia kama niko kule chini kwenye ndoana, si kwenye kidole. Iyo nayo ni kitunguu?

Na kingine, mikono yangu ni sugu tupu, mke wangu anasema ni kama msasa wa fundi, mbona bado nasikia? Na mbona vidole vikikaa majini sana vinajikunja kama vya kizee, ngozi inavimba kwa maji au vipi?

MaalimWaSayansi

Ndicho kitunguu chenyewe kaka. Mtetemeko unapanda mshipi, unapita sugu, unafika chini kule kilipo. Fundi naye anafanya hivyo na patasi, hagusi mbao lakini anajua patasi imekutana na fundo. Ubongo unahesabu mtetemeko ulivyo unauweka mwisho wa kifaa, ndo maana unajisikia uko kwenye ndoana. La vidole kukunjana namwachia nesi wetu, najua yuko hapa anasoma tu 🙂

BiHinaMkomani

Jamani na mimi nina langu kabla mama nesi hajaingia. Kazi yangu ni kupaka hina maharusi. Bi harusi mguu wake juu ya paja langu, nikigusa unyayo na mpira wa hina anaruka, anacheka mpaka ua linaharibika, lakini akijigusa mwenyewe pale pale hacheki! Na mkono wa mbele huu, hapa juu ya kifundo, nikimpapasa taratibu kufuta vumbi la hina iliyokauka analala kabisa. Ngozi ni ileile ya mtu mmoja.

Alafu pilipili. Nikikata pilipili za achari mikono inawaka mpaka usiku na maji ya baridi hayasaidii, ukiangalia hakuna jeraha. Moto huo uko wapi?

KijanaMokowe

Fundi tumekuchukulia uzi wako 😂 Mimi nyanya yangu anasema kidole kilichokufa ganzi uchue na mafuta ya karafuu alafu ukizike kwenye mchanga wa moto jioni.

NesiMstaafu

Nimeingia sasa. Nimefanya unesi miaka mingi, nusu yake kwenye wodi ya upasuaji, kwa hivyo hili la kidole nimeliona sana.

Kwanza we kijana wa Mokowe, mchanga wa moto HAPANA. Kidole kisichosikia moto unakizika kwenye moto? Ameshaungua na kikombe. Na mafuta ya karafuu yenyewe yanatia ganzi, madaktari wa meno wanayatumia kwa sababu hiyo hiyo, kwa hivyo hapo ni kumwongezea.

Fundi mwanangu, kila kidole kina mishipa miwili mikubwa ya fahamu upande wa kiganja, mmoja ubavu huu mmoja ubavu huu. Patasi yako imepita kwenye mmoja, ndo maana nusu ya kidole inasikia na nusu haisikii. Na nina uchungu kidogo na hao waliokushona. Kidonda cha ubavuni mwa kidole, kabla hujapiga sindano ya ganzi, unamwambia mgonjwa afumbe macho unamgusa pande zote mbili za ncha unamuuliza huku unasikia? Ni dakika moja. Ukishapiga ganzi huwezi kuuliza tena, mgonjwa anaenda nyumbani na kila mtu anadhani ni ganzi ya sindano.

Mshipa wa fahamu ukikatika, sehemu iliyo mbele ya mkato, ile ya kwenda nchani, inakufa. Ile ya nyuma inachipua. Inatambaa ndani ya ganda la zamani kwenda mbele, kwa mtu mzima milimita moja kwa siku hivi, na kabla ya kuanza safari inakawia wiki kadhaa. Likitokea donge la kovu katikati ya njia basi inakwama hapo, inajisokota.

Ile shoti yako ndo habari. Ncha mpya za mshipa ni changa, zikigongwa zinapiga umeme. Kuna daktari Mfaransa, Tinel, aliieleza wakati wa vita mwaka 1915 na mpaka leo tunaitumia. Anza kugonga polepole na kidole cha mkono mwingine kutoka NCHANI ukirudi nyuma kuelekea kovu. Pale shoti inapotokea kwanza, tia alama ya penseli. Upime kutoka kovu. Baada ya wiki tatu urudie. Kama alama inasogea mbele, mshipa uko njiani. Kama kila siku ni pale pale juu ya kovu na panauma, umekwama.

Na la mvuvi wetu ndo litakusaidia pia. Vidole kukunjana majini si ngozi kuvimba tu kama watu wanavyodhani. Mishipa ya fahamu inaamuru vimishipa vya damu vya ndani ya kidole vijibane, nyama ya ndani inapungua, ngozi ya juu inakosa pa kukaa inajikunja. Mshipa wa fahamu ukiwa umekatika, kidole HAKIKUNJANI. Madaktari Uingereza waliliandika hili tangu miaka ya 1930. Weka mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu nusu saa (yapime kwa mkono wa kulia, tafadhali sana) alafu utuambie.

Na wengine mnaosoma, ganzi ya fundi ina sababu, patasi. Mtu akiwa na ganzi nyayoni bila kukatwa na kitu, akapime sukari. Mtu akiwa na baka la ngozi lililopauka na ukiligusa kwa pamba halisikii, aende hospitali akachunguzwe ukoma, upo bado, unakula mishipa ya fahamu taratibu, na dawa yake ni bure na inaponya. Msikae nayo nyumbani mkiona haya.

BabuWaBaraza

Mama nesi, mimi nyayo zangu zina ganzi mwaka wa pili huu. Nilidhani ni uzee.

NesiMstaafu

Shikamoo mzee wangu. Kesho asubuhi kabla ya chai nenda kapime. Na usitembee peku kwenye mawe ya forodhani mpaka tujue.

MaalimWaSayansi

Bi Hina usione nimekusahau. Kujitekenya hakufanyi kazi kwa sababu ubongo unajua mkono wako utagusa wapi na lini kabla haujafika, unaupunguza huo mguso. Wa mtu mwingine unakuja bila hodi. Na kupapasa kwa kulaza mtu kuna neva zake kabisa, nyembamba na za polepole, ziko zaidi kwenye ngozi yenye vinyweleo kama mkono wa mbele na mgongo, na zinapenda mkono unaokwenda sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, haraka kuliko hapo zinapungua, polepole kuliko hapo zinapungua. Kila mama anayelaza mtoto anaijua kasi hiyo na hakuna aliyempimia.

Pilipili sasa, na hapa fundi wa milango atanielewa. Maumivu, joto na baridi havina vitunguu wala nini, ni ncha tupu za neva zimetawanyika ndani ya ngozi kama mizizi. Kwenye ukuta wa ncha hizo kuna protini ambazo ni vimlango. Mlango mmoja unafunguka joto likifika nyuzi 43 hivi, chembe zenye chaji zinaingia, neva inapiga ripoti kwa ubongo, moto! Sasa ile dawa ya ukali wa pilipili inaingia kwenye kitasa cha mlango huo huo na kuufungua bila joto lolote. Ubongo hauna njia ya kujua nani kafungua. Kwa hivyo moto wako Bi Hina hauko, ila ripoti ya moto ni ya kweli kabisa. Na maji hayasaidii kwa sababu ule ukali hauyeyuki kwenye maji, jaribu mafuta ya kupikia kwanza alafu sabuni.

Mlango huo aliugundua David Julius wa Marekani na wenzake mwaka 1997. Wa mguso ulichelewa mpaka 2010, akaupata Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Marekani. Huo wa pili haufunguliwi na moto wala dawa, unafunguliwa na kuvutwa, ukuta wa ncha ya neva ukinyooka mlango unaachia. Wote wawili walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2021. Na wako watu wachache sana wamezaliwa bila mlango wa mguso kufanya kazi. Wakiungua wanasikia, lakini mtetemeko hawaujui, na wakifumba macho hawajui mkono wao uko wapi, wakitembea gizani wanaanguka.

MshipiNaNdoana

Subhanallah. Kwa hivyo ukijigonga kidole cha mguu kwenye nanga, ule mgongano unaujua kwanza alafu ndo maumivu yanakuja ukiwa tayari unasema aaa, iyo ni milango tofauti?

MaalimWaSayansi

Milango tofauti na barabara tofauti pia. Neva za mguso ni nene na zina kanzu ya mafuta, habari inakimbia mita 35 na zaidi kwa sekunde. Zile za maumivu ya kuwaka na kuchonyota hazina kanzu, zinakwenda mita 1 hivi kwa sekunde, yaani mwendo wa punda aliyepakia mawe. Kutoka mguuni ni sekunde nzima na zaidi. Ile nafasi katikati unayoijua kwamba litauma sasa hivi na bado haliumi, ndo hiyo.

Fundi, una bikari? Ifungue kidogo, ncha zisiwe kali, mtu akuguse nazo umefumba macho, mara ncha moja mara mbili. Mjerumani Weber alifanya hivyo kwa bikari tangu mwaka 1834. Nchani mwa kidole kizima mtu anazitofautisha zikiwa mbali milimita 2 au 3. Mgongoni mpaka zifike kama sentimita 4. Pima kila upande wa kidole chako.

FundiLangoni

Wana jamvi nimerudi. Nimeyafanya yote, mwanafunzi wangu alikuwa ndo daktari na alifurahia sana kunichoma.

Maji: nusu saa kamili, nilikaa na beseni mlangoni mwa kibanda kila anayepita anauliza fundi unafua nini. Vidole vinne vimekunjana vyote. Shahada imekunjana UPANDE MMOJA. Mstari uko katikati ya ncha kama mtu kaupiga kwa rula, nusu kizee nusu kijana. Nimekiangalia muda mrefu. Miezi minne nimekuwa nikijiambia labda ni mawazo yangu, labda naogopa tu, na leo nimeiona kwa macho.

Bikari: upande mzima milimita 3 nazijua mbili. Upande mwingine ameifungua sentimita moja na nusu bado nasema moja.

Shoti: kutoka nchani kurudi nyuma kimya kimya kimya, alafu kabla ya kiungo cha mwisho paa! Nimetia penseli. Kutoka kovu ni sentimita 2 kasoro kidogo.

NesiMstaafu

Ahsante kwa kufanya vizuri. Nitakuambia bila kukupaka mafuta. Shoti haiko tena pale kwenye kovu, imesogea, kwa hivyo kuna kitu kinaishi na kinatambaa. Lakini kwa miezi minne ilitakiwa iwe imefika nchani au karibu, sentimita 2 ni kidogo. Huenda zimevuka nyuzi chache tu na nyingine zimezuiwa na kovu. Usikae kungoja. Omba barua hapo hospitali kubwa uende Mombasa kwa mpasuaji wa mikono au wa mishipa, umwambie hayo ya maji na ya penseli kama ulivyotuambia. Mshipa uliokatika unashonwa vizuri zaidi mapema, lakini hata sasa ana la kuangalia. Na kwenye baridi au upepo wa kusi kidole hicho kitakusumbua, kifunike.

Na usingoje Mombasa kuanza mazoezi. Mshipa ukifika nchani hautafika vile vile ulivyokuwa, nyuzi zinaingia njia zisizo zake, ubongo unapata ripoti zimechanganyika na inabidi ujifunze kuzisoma upya. Tunafanya hivi, chukua vitu vya mikwaruzo tofauti, gusa umefumba macho, kisia, alafu fungua macho uone, alafu gusa tena ukiwa unaangalia. Dakika 10, mara tatu nne kwa siku, miezi.

MaalimWaSayansi

Hapo mama nesi amesema jambo ambalo watu hawalijui. Anayesikia si kidole. Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo wa Montreal kule Kanada, miaka ya 1930 alikuwa akigusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme mdogo wakiwa macho, na mgonjwa anasema kidole changu kinaguswa, na hakuna mtu karibu na kidole. Akachora ramani, mgongo mzima una kiwanja kidogo, midomo na vidole vina shamba. Shamba likikaa bila mlimaji majirani wanaingia. Kwa hivyo fundi ukikiacha hicho kidole kwa sababu hakifai, kidole cha kati kitakula shamba lake. Kitumie hivyo hivyo.

BiHinaMkomani

Mafuta ya kupikia yamesaidia maalim, Mungu akubariki. Fundi nina sufi na nina gunia na nina kitambaa cha hariri cha maharusi, mtume kijana aje achukue vipande.

KijanaMokowe

Mimi nitavichukua. Na siku ya Mombasa ukifika Mokowe usihangaike na pikipiki, nitakungoja jetini. Nyanya anaomba msamaha kwa mchanga.

BabuWaBaraza

Nimepima. Sukari ipo. Nimepewa dawa, na nimekatazwa halua.

FundiLangoni

Pole babu, halua tutakulia sisi. Mama nesi barua nimepata, ni baada ya wiki mbili. Mazoezi nimeanza na nilichonacho, mwanafunzi amekata msasa vipande, namba 60, 120, 180 na 240, anavichanganya anavipanga kwenye ubao nimefumba macho kwa kilemba. Kwa upande mzima navijua vyote. Kwa upande wa ganzi jana sikujua chochote, leo asubuhi 60 nimeijua mara tano kati ya sita, lakini sijui kama nimeijua kwa kidole au nimeisikia kwa sikio ikikwaruza. Kesho nitaziba masikio kwa pamba nijaribu tena.